Uzi: Kusaka vitu vya kale vya bei nafuu kwenye masoko ya Paris

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa yeyote atakayepita Paris wikiendi, anayependa vitu vya kale na mfuko wake ni wa kawaida. Kila mara naona wageni wakifika kwenye soko lile maarufu la Saint-Ouen, wanazunguka, wanatishwa na bei za makabati yenye marumaru, kisha wanaondoka na kijisumaku cha Mnara wa Eiffel kilichotoka kiwandani juzi. Inaniuma, maana vitu halisi vyenye umri wa miaka mia na zaidi vilikuwa karibu nao, na wangevimudu.

Jambo moja likikukaa kichwani, mengine yote yanafuata: kitu cha kale kinapanda bei kila kinapohama mkono. Mwenye nyumba amefariki, familia inataka nyumba itolewe vitu. Anayesafisha nyumba anapakia kila kitu kwenye gari lake. Jumamosi alfajiri anamwaga mzigo mezani, au chini kwenye turubai. Watalii wakiwa bado wamelala, mfanyabiashara ameshapita na tochi na kuchukua kinachomfaa. Anakwenda kukisafisha, anakitafutia mwaka na jina la kiwanda, anakiweka kwenye kabati la kioo chini ya taa nzuri. Kisha anakuja mpambaji wa nyumba za watu wenye pesa na kukichukua hapo ili akiuze kwa mteja wake. Sahani ni ileile tangu mwanzo. Sisi wenye mfuko mdogo kazi yetu ni kusogea karibu na lile gari kadiri tunavyoweza.

Sasa tuingie mtaani.

Saint-Ouen, kaskazini, ndiko wengi wanakokujua. Historia yake naipenda sana kwa sababu ilianza na watu wa chini kabisa. Waokota taka wa Paris walikuwa wakipita usiku mitaani wakichambua vilivyotupwa. Mwaka 1883 mkuu wa eneo la Seine, Eugène Poubelle, akaamuru kila jengo liwe na mapipa ya taka, na maisha ya waokotaji yakabanwa. Wengi walisogea nje ya kuta za jiji, na huko Saint-Ouen wakapanga walichookota chini ili wapita njia wanunue. Mwaka 1885 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo rasmi wa soko. Leo eneo lote lina ukubwa wa takriban hekta 7, na ndani yake kuna masoko zaidi ya kumi, kila moja na jina lake na tabia yake. Linafunguliwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

Ukishuka metro (treni ya chini ya ardhi) ya njia ya 4 kituo cha Porte de Clignancourt, utakutana kwanza na vibanda vya viatu, jaketi na simu, mpaka chini ya barabara kuu ya mzunguko. Usisimame hapo, na mkoba wako uwe mbele. Vuka, ingia Rue des Rosiers, hapo ndipo soko lenyewe linapoanza. Ukitaka kukwepa msongamano, njia ya 13 kituo cha Garibaldi inakufikisha kwa upande wa pili.

Masoko ya Paul Bert na Serpette nendeni mkajifunze kwa macho. Vitu ni vya hali ya juu na bei zake zimeshapita mikono yote niliyoitaja. Vernaison, lililofunguliwa mwaka 1920, lina vichochoro vyembamba vyenye vifungo, shanga, funguo, glasi, wanasesere. Hapo mtu wa kawaida anapata kitu. Jules Vallès ni vurugu kidogo, vumbi lipo, na bei ni za kuzungumzika zaidi. Dauphine ni jengo la ghorofa, juu kuna vitabu vya zamani, picha za kuchapa na santuri.

Lakini kama una asubuhi moja tu, mimi nakupeleka Vanves. Liko kusini, wilaya ya 14, metro njia ya 13 kituo cha Porte de Vanves. Meza zinapangwa kando ya barabara mbili, Avenue Marc-Sangnier na Avenue Georges-Lafenestre, Jumamosi na Jumapili asubuhi. Hakuna vibanda vya kudumu. Kila muuzaji amekuja na gari, na mchana anatakiwa apakie tena kila kisichouzwa. Hilo peke yake linabadilisha mazungumzo ya bei.

Chini zaidi kwenye mnyororo kuna vide-greniers, mauzo ya mtaa ambapo wakazi wenyewe wanatoa vitu vya darini na stoo. Sheria ya Ufaransa inamruhusu mtu asiye mfanyabiashara kushiriki mara mbili tu kwa mwaka, kwa hiyo unayekutana naye mara nyingi ni mwenye kitu, au mjukuu wa mwenye kitu. Yanafanyika zaidi kuanzia masika mpaka vuli, na halmashauri za mitaa hutangaza. Ukiona karatasi imebandikwa mlangoni mwa duka la mikate, isome.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Zumaridi

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi ugonjwa wangu ni vijiko na uma za fedha. Pale Vanves niliona visanduku vimejaa, vyote vinang'aa sawasawa. Nitajuaje ipi ni fedha na ipi imepakwa tu?

Mleta uzi

Dada Zumaridi, umeuliza kwenye eneo ninalolipenda kuliko yote, maana Ufaransa imemrahisishia mnunuzi kazi. Unahitaji lenzi ya kukuza mara kumi na subira.

Geuza kijiko, angalia nyuma ya mpini. Tangu mwaka 1838 fedha halisi ya Ufaransa hupigwa chapa ya kichwa cha Minerva, mwanamke aliyevaa kofia ya chuma. Pembeni yake kuna tarakimu ndogo. Kwa vitu vya kale, 1 maana yake ni fedha ya kiwango cha juu, sehemu 950 kwa elfu. 2 ni sehemu 800. Vitu vidogo sana visivyo na nafasi ya Minerva vilipigwa kichwa cha nguruwe pori jijini Paris, na kaa mikoani. Ukikuta bata maji, kitu huenda kiliingizwa kutoka nje ya Ufaransa, au asili yake haikujulikana. Kwa dhahabu tafuta kichwa cha tai, hiyo ni ya karati 18.

Chapa ya pili ni ya fundi au kiwanda. Hapa umbo la fremu ndilo linalosema. Fremu yenye umbo la almasi, yaani mraba uliosimama kwenye ncha yake, ni ya fundi wa fedha halisi. Fremu ya mraba wa kawaida au mstatili ni ya kitu kilichopakwa. Hata kama herufi zimefutika kwa kusuguliwa miaka mingi, umbo la fremu mara nyingi linabaki.

Halafu kuna tarakimu 84, inayowapoteza wengi. Kwenye vijiko na uma vya Christofle na viwanda vingine vya Ufaransa, 84 ni gramu za fedha zilizotumika kupaka seti ya vijiko 12 na uma 12. Haielezi usafi wa madini. Mchanganyiko unakuja kwa sababu Urusi ya zamani nayo ilitumia 84 kama kiwango cha fedha halisi, na wapo wauzaji wanaoacha mteja aamini hivyo.

Sumaku nayo ina mipaka. Ikinasa, umeshika chuma. Isiponasa, bado inaweza kuwa shaba, mchanganyiko wa shaba na nikeli au chochote kingine, usishangilie.

Ila nikushauri kwa moyo wote: usividharau vilivyopakwa. Christofle walianza kupaka fedha kwa umeme miaka ya 1840, na seti za zamani ni nzito, zimechongwa vizuri, na kwenye masoko haya ni za bei ya chini sana ukilinganisha na fedha halisi. Angalia tu mgongo wa kijiko pale kinapogusa meza na ncha za uma. Ukiona rangi ya njano au kijivu imejitokeza, safu ya fedha imekwisha hapo, na kuipaka upya ni gharama.

Zumaridi

Umenifungua macho, hiyo ya fremu sikuwahi kuisikia popote. Nitatembea na lenzi.

Mtembezi

Mkuu uzi ni mzuri ila nakupinga kidogo kuhusu Saint-Ouen. Watu wasilione kama sehemu ya kuangalia tu. Jumatatu pale ni tofauti kabisa. Watalii wamepungua, baadhi ya maduka hayafungui kweli, lakini yaliyofungua yana muuzaji mwenye muda. Anakaa, anakueleza kitu kilitoka wapi, na wikiendi ikiwa haikumwendea vizuri anakubali kuzungumza. Mimi Vernaison Jumatatu naiweka juu ya Vanves Jumapili saa tano, ambapo kila mtu anasukumana.

Pia uongeze suala la adabu. Kule huanzi na bei. Unafika mezani unasema "Bonjour", unasubiri ujibiwe, ndipo unauliza kama unaweza kushika. Anayenyanyua kikombe kimyakimya na kutupa "combien?" (bei gani?) anapewa bei ya mgeni, nami naona ni haki yake muuzaji.

Mleta uzi

Mtembezi, hoja ya Jumatatu naipokea. Kwa anayetaka mazungumzo na kujifunza, hiyo ndiyo siku. Anayetaka bei ya chini kabisa bado namwambia afike Vanves mapema.

Na hapa niseme kuhusu saa, maana wengi hushauriana kwenda mwishoni, wakati wa kufunga, ili washushiwe. Ni kweli bei inashuka wakati huo, hasa kwa vitu vizito ambavyo muuzaji hataki kuvirudisha garini. Kwa mgeni anayesafiri na begi moja hilo halimsaidii sana. Vitu vidogo vizuri, vile vinavyoingia begini, huondoka asubuhi. Kilichobaki saa saba kimeshatazamwa na macho mia yenye ujuzi kuliko yangu na yako.

Kuhusu kupatana, njia inayofanya kazi ni kukusanya. Chagua vitu vitatu vinne kwenye meza moja, viweke pamoja, ndipo uombe bei ya vyote. Muuzaji anashusha kwa furaha zaidi kuliko ukimkaba kwa kijiko kimoja. Uwe na pesa taslimu, noti ndogo ndogo. Na ukishataja bei akaikubali, nunua. Kurudi nyuma baada ya hapo ni kumkosea mtu.

Kipepeo

Mimi sina lenzi wala muda wa kujifunza chapa. Nina begi la mkononi na begi moja la mzigo. Nini kinafaa?

Mleta uzi

Mkuu, kitani. Watu wanakipita hivi hivi. Zamani bibi harusi wa Ufaransa alikwenda kwa mumewe na mashuka, taulo na vitambaa vya meza vilivyotariziwa herufi za jina lake kwa nyuzi nyekundu au nyeupe. Vingi vilikaa kabatini miaka yote bila kutumika. Leo vinauzwa kwa mafungu, ni kitani kizito ambacho ukikinunua kipya dukani utalia. Hakivunjiki, na unakitumia kufungia vitu vingine begini. Kifungue chote pale pale, kiinue dhidi ya mwanga, utaona matundu na viraka. Madoa ya kahawia kwenye mikunjo mara nyingi hutoka kwa kulowekwa. Kitambaa kilichooza kwenye mkunjo hakirudi tena.

Kadi za posta za zamani nazo hazina uzito, na kuna njia rahisi ya kukadiria umri. Geuza nyuma. Kama upande wote ni wa anwani na hakuna mstari wa kugawa, kadi ya Ufaransa ni ya kabla ya 1904, kwa sababu mpaka wakati huo haikuruhusiwa kuandika ujumbe upande wa anwani. Ndiyo maana kwenye hizo za mwanzo utaona maneno yamebanwa pembeni mwa picha yenyewe. Napenda sana kuyasoma.

Picha za kuchapa zinahitaji lenzi, samahani, ila ni sekunde tano. Ukiona vidoti vidogo vilivyojipanga kwa mpangilio mmoja, ni uchapaji wa kisasa wa mashine, hata karatasi ikiwa imegeuka njano. Mchoro uliochapwa kwa bamba la shaba unaacha mistari safi ya wino, na mara nyingi alama ya ukingo wa bamba imezama kwenye karatasi. Ipapase kwa kidole.

Cha kukwepa: vile vijiko bapa vyenye matundu vya kunywea absinthe, pombe kali ya zamani. Ufaransa ilipiga marufuku kinywaji hicho mwaka 1915, kwa hiyo vijiko vya wakati ule ni vya zaidi ya miaka mia, na vinatafutwa mno. Matokeo yake nakala mpya ni nyingi. Usiye mzoefu acha. Vibao vya namba za nyumba vya rangi ya buluu na nyeupe ni hivyohivyo; vipya vinatengenezwa mpaka leo na kuchubuliwa kona ili vionekane vimechoka.

Mtembezi

Kwenye sanamu ndogo pia watu waangalie. Nyingi zinazoitwa shaba nyeusi ni régule, mchanganyiko wenye zinki au risasi uliopakwa rangi. Pindua, tazama chini pale ilipochubuka. Shaba inaonyesha njano ya dhahabu, régule ni kijivu cheupe.

Mleta uzi

Kweli kabisa. Régule ina uzuri wake, mradi ulipe bei ya régule.

Nahodha

Wakuu, nimeonyeshwa kiti "Louis XV" kwa bei ambayo naona ni ya kutupa. Kinaweza kuwa cha kweli?

Mleta uzi

Mkuu Nahodha, muulize muuzaji akuandikie, basi. Kuna amri ya serikali ya Ufaransa ya tarehe 3 Machi 1981 inayohusu uuzaji wa kazi za sanaa na vitu vya kukusanya, na ni silaha kubwa kwa mnunuzi. Muuzaji mfanyabiashara akiombwa, analazimika kukupa hati inayotaja kitu ni nini, kimetengenezwa kwa malighafi gani, asili yake na umri wake. Akiandika "époque Louis XV" amekuhakikishia kwamba kilitengenezwa wakati wa mfalme huyo, karne ya 18. Akiandika "style Louis XV" anasema tu kwamba kinafuata mtindo ule, na kinaweza kuwa cha karne ya 19 au cha juzi.

Karne ya 19 ilitengeneza viti vya mitindo ya wafalme kwa wingi mno, na vingi ni vizuri kukalia. Chako kwa bei hiyo nadhani ni "style". Ukishapata jibu kwa maandishi, bado kuna swali la kukisafirisha, ambalo kwa msafiri wa kawaida linaua raha yote. Gharama ya usafiri inaweza kupita ya kiti.

Zumaridi

Kuna meza nyingine nimeziona zina vinyago na sanamu za Kiafrika, na pembe za ndovu zilizochongwa. Sijui nizionee fahari au uchungu.

Mleta uzi

Dada, fahari na uchungu, vyote viwili vinaruhusiwa.

Pembe za ndovu usiguse. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikaza masharti. Hata kitu cha kabla ya 1947 kinahitaji cheti ndipo kiuzwe kihalali, na ukivuka mpaka bila kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) forodha watakinyang'anya na unaweza kushtakiwa. Gamba la kasa nalo lina vikwazo vyake. Viko vibweta na visu vyenye mishikio ya pembe za ndovu kwenye visanduku vya mchanganyiko, kwa hiyo angalia kabla hujalipia fungu zima. Hata sheria ingeruhusu, mimi nisingenunua.

Vinyago, sehemu kubwa ya unavyoviona mezani vimechongwa kwa ajili ya kuuzwa, tena si zamani, vikafukizwa moshi na kupakwa udongo. Hivyo ukivipenda kama mapambo, sawa. Kama muuzaji anakuapia kwamba kimetoka kwenye madhabahu au kaburi, mimi swali langu ni moja: kilitokaje? Mwaka 1892 jeshi la Ufaransa lilichukua hazina za kifalme za Abomey, katika Benin ya leo. Vitu 26 kati ya hivyo vilirudi Benin Novemba 2021, baada ya bunge la Ufaransa kupitisha sheria mahususi mwaka mmoja kabla. Ilichukua karibu miaka 130. Siwezi kulipia kitu cha namna hiyo kisicho na karatasi, kisha nikakiweka sebuleni na kulala vizuri.

Na tahadhari nyingine iliyo karibu na hiyo: vitu vilivyochimbwa ardhini, vigae, sarafu za Kirumi, vichwa vya mishale. Vya kiakiolojia vyenye zaidi ya miaka 100 vinahitaji cheti cha kuvitoa nje ya Ufaransa bila kujali bei yake. Viache.

Kipepeo

Na minada? Nimesikia Drouot ni ya matajiri.

Mleta uzi

Hapana. Hôtel Drouot, wilaya ya 9, ipo tangu 1852, na kuingia ni bure. Kabla ya mnada vitu vinawekwa wazi watu wavikague, na unaruhusiwa kuomba kufunguliwa kabati na kushika. Kwa kujifunza sijaona mahali pazuri zaidi jijini, kwa sababu unashika vitu halisi vilivyoandikwa maelezo na mtaalamu, ukitoka hapo kwenda Vanves mkono wako umeshajua uzito wa fedha na ubaridi wa kauri nzuri. Vikapu na masanduku ya mchanganyiko pia huuzwa, wakati mwingine kwa bei ndogo. Kumbuka tu kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani, kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika robo ya bei au kuizidi. Ihesabu kabla hujanyoosha mkono.

Nahodha

La mwisho mkuu. Mke wangu anataka sahani za Limoges. Kila meza imeandikwa Limoges. Ni kiwanda kimoja?

Mleta uzi

Limoges ni mji. Udongo mweupe wa kauri uligunduliwa karibu na hapo, Saint-Yrieix, mwaka 1768, na viwanda vingi vikaota. Kwa hiyo neno Limoges peke yake linakuambia eneo, halikuambii ubora. Tafuta jina la kiwanda chini yake, mfano Haviland au Bernardaud. Sahani nyingi zina chapa mbili, moja ya waliotengeneza sahani yenyewe na nyingine ya waliochora. Iinue kwenye jua uweke vidole nyuma yake. Kauri nzuri ya kule inapitisha mwanga na utaona kivuli cha vidole. Kisha igonge taratibu kwa kucha. Ikilia kwa mlio mrefu ni nzima, ikitoa sauti fupi iliyokufa ina ufa, hata kama huuoni.

Mwambie shemeji anunue sahani sita zisizofanana kutoka meza tofauti badala ya kusaka seti kamili. Seti ikivunjika moja thamani inashuka, ndiyo maana sahani moja moja huuzwa rahisi. Zipange wima begini, kila moja kwenye kitambaa cha kitani, wala usizilaze.